Konbit ya Maji kwa Madan Elifet

Klotid alikuwa na mdomo uliomtangulia. Kamati ya kina mama wa Fonblan ilikuwa imejenga shule ya mabati nyuma ya kanisa, ikawa inapita nyumba kwa nyumba kuuliza kila mtoto analala wapi, anakula nini, anasoma au hasomi. Walimchagua Klotid awe mpiga hodi wao kwa sababu ya mdomo huohuo. Waliona hakuna mlango utakaomfungia.

Mlango wa Madan Elifet ukamfungia. Mama huyu aliuza mkate njia panda. Mumewe alivuka mpaka kwenda kujenga nyumba za watu Santo Domingo, na miaka ikapita bila salamu. Nyumbani aliishi na Islann, msichana wa miaka tisa hivi, restavek: mama yake mzazi alimshusha kutoka milimani akamwacha pale kwa ahadi kwamba atafanya kazi ndogondogo na atasomeshwa. Kazi alizipata. Masomo yake mpaka hapo yalikuwa njia ya chemchemi, kwenda na kurudi, ndoo kichwani.

Jumamosi jioni Klotid alirudi tena, akasimama langoni.

"Heshima," akaita, ndiyo hodi ya kwao.

"Taadhima," akajibu Madan Elifet kutoka ndani, kisha akachungulia. "Ah, kumbe wewe. Ningejua nisingeitika."

"Umeshaitika. Shule inafunguliwa Jumatatu, mama. Nafasi ya Islann ipo, na sare tumemshonea."

"Hongereni. Na maji yangu atateka nani? Kuni atachanja nani? Ua atafagia nani? Wewe?"

"Mimi," akasema Klotid.

Hakukusudia. Neno lilitoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka alitamani alikimbilie alirudishe. Madan Elifet alimtazama toka kilemba mpaka kandambili.

"Haya. Jumatatu alfajiri nakungoja. Na nywele zangu pia Islann ndiye anayenisuka, usije ukasema hukuambiwa."

Kesho yake, baada ya misa, Klotid aliwasimulia wenzake. Walicheka hata Siltana, mwenyekiti wa kamati, akaona bora akae chini kwenye ngazi za kanisa.

"Shoga, wewe?" akasema Siltana. "Wewe ambaye maji ya kunawa uso unaletewa na mumeo?"

"Ndiyo nawaambia nimekwisha."

"Hujaisha." Siltana alijifuta machozi. "Shamba la mtu likimshinda tunafanya nini? Tunamfanyia konbit. Ngoma mbele, kijiji kizima nyuma, mpaka jioni limelimwa. Maji nayo yana nini?"

Basi Jumatatu, jogoo wa Fonblan wakiwa bado wanapishana zamu, Madan Elifet aliamshwa na ngoma. Alidhani ni ndoto. Halafu zikaingia tarumbeta za mianzi, moja inaguna, nyingine inajibu, akajua ndoto haiwezi kuwa na kelele za namna ile. Alipofungua dirisha aliona njia yote ya chemchemi imejaa watu, kila mmoja na chombo chake kichwani: ndoo, madumu, sufuria, na mzee mmoja alibeba beseni la kuogeshea watoto. Mbele yao alikuwa Tonton Deslò na ngoma yake, akitembea kinyumenyume ili awatazame wasikose mwendo.

"Heshima," wakaita wote kwa pamoja.

Madan Elifet hakuitika. Haikusaidia.

Walijaza pipa. Walijaza mitungi na masufuria, wakajaza birika, wakajaza vikombe vya chai vya wageni ambavyo havijawahi kuona mgeni. Mtu akatoka chumbani na chungu cha kukojolea usiku, akauliza kama nacho kijazwe, Siltana akamfukuza. Huku nje wanaume wanachanja kuni za wiki nzima, na wafagiaji walikuwa wengi kuliko ua wenyewe, kila mmoja akimfagilia mwenzake vumbi miguuni.

"Toka nyumbani kwangu, Klotid," akasema Madan Elifet. "Wewe na sarakasi yako."

"Bado nywele, mama. Ulisema mwenyewe."

Kabla hajajibu, alikuwa amekalishwa kwenye kiti kidogo, wasusi wawili wamemshika, mmoja huku mmoja kule. Upande wa kushoto ulianza kulala chini vizuri. Upande wa kulia ulikuwa umesimama kama moto wa majani makavu. Katika hali hiyo ndipo alipomwona Islann akitoka nyuma ya nyumba, ameogeshwa, amepakwa mafuta, sare ya mirabamiraba ya buluu, utepe mweupe kichwani. Mtoto alisimama, hakujua aende au angoje ruhusa.

Klotid aliinama karibu na kiti. Akamwona Madan Elifet anauma mdomo.

"Akishajua kusoma ataniona mjinga," akasema mama yule kwa sauti ndogo. "Ataondoka. Wote wanaondoka."

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Klotid hakuwa na maneno tayari. Akayatafuta.

"Saa saba atarudi," akasema, "na atakuwa na njaa. Mpikie. Akikuta chakula na mtu wa kumsikiliza, aondoke aende wapi?"

Madan Elifet akamwambia Islann, kwa ukali uleule wa siku zote, "Unangoja nini? Nenda. Na ukivuka mto shika viatu mkononi."

Klotid alifurahi kupita kiasi. Alinyakua ndoo ya mwisho, akaiweka kichwani, akaanza kuicheza ngoma katikati ya ua kama mwali, na pale penye matope ya maji waliyoyamwaga wenyewe miguu yake ikaenda njia mbili. Alikaa chini pwaa, ndoo ikamfunika mpaka masikioni. Na aliyeanza kucheka alikuwa Madan Elifet, kichwa kimesukwa nusu, akicheka mpaka wasusi wakashindwa kumtuliza. Nje ya lango Islann naye alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Halafu akakimbia shule.

Saa saba alikuta uji mzito wa mahindi na maharage umefunikwa, na Madan Elifet amekaa kando yake akijifanya hana habari. Islann alimwandikia herufi kwa kidole juu ya meza yenye unga wa mkate.

Wiki zilizofuata waliendelea kuja kwa zamu. Asubuhi moja mvua ilinyesha vibaya, hakuna aliyetoka. Ilipokatika Klotid alikimbia na aibu yake mpaka chemchemini, akamkuta Madan Elifet kwenye foleni, nguo zimelowa, ndoo mkononi, anagombana na kila aliyemtangulia.

"Islann yuko wapi?"

"Shuleni, yuko wapi tena? Na usinisimamishe, nina haraka. Yule Madan Lekonte wa juu ana mtoto anamfungia ndani na mbuzi. Nimemwambia Jumatatu tunakuja. Mwambie Tonton Deslò alete ngoma kubwa, ile ndogo haisikiki vizuri ukiwa kitandani."