Pembetatu Iliyonipa Mgongo

Jioni ile, ambaye hangeonyesha pembetatu kwenye skrini angerudia darasa la michoro ya kompyuta. Skrini yangu ilikuwa nyeusi tii. Nikafumba macho, nikaomba.

"Babu, unamwombea marehemu?" alinitania fundi cherehani, mwanafunzi mwenzangu aliyeketi jirani nami.

"Mgonjwa, mama. Bado anapumua."

Mwalimu alifungua programu ya ukaguzi, akacheka. "Pembetatu ipo, mzee wangu. Umezipanga pembe zake kwa mzunguko wa kinyume, ndiyo maana imekupa mgongo. Na kompyuta haichori migongo."

Nikabadilisha nafasi za pembe mbili. Pembetatu ikajitokeza, nyekundu kama nyanya.

"Umepita," alisema mwalimu.

"Mungu ni mkubwa!"

"Mkubwa kweli," alidakia fundi, akinigeuzia skrini yake nyeusi. "Basi hamia huku, babu. Na yangu imeninunia."