Mzee wa Meza ya Dirishani Aliitikia

Dokta alianza kuitwa Dokta akiwa bado hajamaliza kung'oka meno ya utoto, siku alipomfunga kuku wa shangazi bendeji mguuni na kuku akapona. (Kuku alichinjwa wiki hiyohiyo, lakini alikwenda chunguni akiwa mzima wa afya.) Jina likaganda. Na Dokta alipopata nafasi ya kusomea udaktari ng'ambo, mjomba alizunguka mtaa mzima akiwaambia wagonjwa wavumilievumilie kidogo, mtu wao yuko njiani.

Kitu kimoja hakuna aliyeuliza: huyu binti amewahi kuona maiti? Hajawahi. Kwao msiba ukitokea watoto wanapelekwa kwa jirani, na yeye, kitinda mimba, alibaki mtoto mpaka siku aliyopanda ndege.

Sasa chuo kikamwingiza kwenye chumba kirefu chenye meza za chuma zilizopangwa kama vitanda vya bweni, na juu ya kila meza kuna mtu amefunikwa shuka, hana haraka ya kuamka. Harufu ya dawa inapanda puani mpaka machozi yanatoka yenyewe. Mara ya kwanza Dokta aliishia mlangoni. Mara ya pili alifika mezani, shuka likafunuliwa, na alipopata fahamu zake vizuri alikuwa amejifungia chooni, glavu mkononi.

Profesa wao, mama mfupi mwenye upole unaotisha kuliko ukali, akamwita pembeni.

"Binti, sikulaumu. Wengine hawawezi. Lakini Alhamisi usipokata, nakuhamishia kozi nyingine. Kuna kilimo cha maua, kizuri tu."

Kilimo cha maua! Dokta akamwona mjomba anavyorudi nyumba kwa nyumba kuwaambia wagonjwa kwamba dawa imebadilika, wataletewa mawaridi.

Alhamisi ikafika. Meza yake ilikuwa ile ya dirishani, na mwenzake wa meza ni kijana mrefu ambaye Dokta alimpachika kimoyomoyo jina la Ngongoti. Huyo alikuwa anatafuna biskuti mlangoni kama anayesubiri mpira uanze.

"Leo ukizimia," alimwambia, "angukia upande ule. Huku kuna viatu vyangu vipya."

Profesa akafunua mkono tu, uso ukabaki na kitambaa chake. Mkono wa mzee. Kucha zimekatwa vizuri, mvi chache, na pale kifundoni kuna alama nyeupe ya saa iliyovaliwa maisha. Dokta akashika kisu. Kisu hakikwenda. Na ndipo akajua, kwa mshangao kabisa, kwamba safari hii si woga. Ni aibu. Tangu lini mtoto wa kwao akamfikia mzee aliyelala, akamkamata mkono, bila hata hodi? Kwao hata kumwomba mzee ainue miguu ufagie, unaamkia kwanza.

Ngongoti anamtazama. Profesa anamtazama. Dokta akainama, akanong'ona kwa lugha ya nyumbani:

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Sauti ya kiume, nzito, kutoka kichwani mwa meza.

Kisu kikaruka huko, Dokta akaruka huku, na kilio kilichomtoka, "Mama nakufa!", kilisikika mpaka getini. Ngongoti hakuelewa hata neno moja, lakini masikio anayo: akaruka kinyumenyume, akatua juu ya meza ya jirani, ambayo ilikuwa na mwenyewe. Hapo ndipo alipopiga ukelele mwembamba ambao hakuna aliyeutegemea kwake. Profesa miwani ikamdondoka.

Nyuma ya meza, kwenye bomba la chini, akainuka mwanamume mwenye buti za mpira na brashi mkononi, macho yamemtoka kuliko wote. Mhudumu wa chumba, kumbe naye mtu wa kwao.

"Samahani! Samahani jamani, ni mimi! Nilikuwa nasugua mtaro. Miaka chungu nzima sijaamkiwa, mwanangu. Nimesikia shikamoo, mdomo umejibu wenyewe!"

"Baba, umeniua!"

"Ningekuua ningekupa meza. Huoni zimejaa?"

Dokta akacheka huku analia. Profesa akaokota miwani akataka kuelezwa, mhudumu akaeleza kwa lugha ya pale kwamba msichana alikuwa anamwomba mzee ruhusa.

Profesa akavaa miwani, akamgeukia Dokta. "Ruhusa ulishapewa, binti."

"Na nani?" Dokta akauliza.

"Na mwenyewe," mhudumu akamjibu. "Hujui? Hawa wote walisema kwa midomo yao, wakiwa wazima na akili zao: nikifa nipelekeni kwa wanafunzi."

Hii sasa ilimpiga Dokta kuliko ile marahaba. Alidhani ni watu wasio na ndugu, waliookotwa. Kumbe mzee, na saa yake mkononi, pengine anakunywa chai, alikaa akamkaribisha mtu asiyemjua. Yeye ndiye mgeni, na karibu ya mwenye nyumba alikuwa anaikimbia hadi chooni.

"Naomba radhi, babu," akasema, akaletewa kisu kingine, akakata. Mstari ulinyooka. Profesa hakutaja maua tena.

Jioni mama yake akapiga simu. "Leo umesoma nini, Dokta wangu?"

"Nilianza kwa kumwamkia mzee mmoja, mama."

"Akaitikia?"

Dokta akafikiria pa kuanzia, akashindwa. "Aliitikia."

"Ana adabu zake huyo. Ukimwona tena, mwambie mama anamsalimu sana."

Salamu ukitumwa unafikisha. Kipindi kilichofuata Dokta alivaa glavu, akasimama palepale dirishani, akamwinamia mzee.

"Shikamoo, babu. Mama anakusalimu sana."

Kule kwenye bomba, mhudumu alikuwa ameuma kitambaa chake kwa meno asije akaitikia, mabega yanamcheza. Dokta akachukua kisu, akageuka kumtafuta mwenzake wa meza.

Ngongoti alikuwa tayari yuko korido.