Vikinga Masikio vya Mkaguzi

Mama Unga aliamka na hasira, na kijiko kilipogonga kikombe ikazidi. Kifaa cha kusikia kilikuwa na siku tatu tu sikioni mwake, na kila kitu kilimpigia kelele: maji, kandambili, hata karatasi. Daktari wa masikio alikuwa amemwonya mapema.

"Kifaa hakikurudishii sikio lako, mama. Kinakuza sauti tu, uwasikie watu. Vumilia wiki chache utazoea."

Hayo sawa. Kilichomchoma ni yale mengine. Daktari alichungulia asione nta wala usaha. Uzee? Dada yake anamzidi miaka saba, na minong'ono ya jirani haimpiti.

"Ni mashine," daktari akasema. "Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo mno. Kelele imeviua, na havioti tena."

Miaka kumi na tisa ya kusaga nafaka! Na yeye, mjinga wee, kelele ilipoacha kumuumiza mwaka wa pili, alijisifu kwamba sasa amekuwa opereta kamili.

Asubuhi hiyo aliingia kazini na kifaa chake chini ya kitambaa cha kichwa. Fomu ya madhara ya kazini alikuwa ameshaileta jana. Leo alikuwa na barua ya daktari. Alitaka kitu kimoja tu: tajiri wake, mwenye mashine, aandike na kutia sahihi kwamba ni mashine iliyomla masikio.

Mashine ilikuwa bado haijawashwa. Tajiri na karani walikuwa wakizungumza hatua mbili kutoka kwake, bila hata kushusha sauti. Pale walishazoea kumsema mbele yake kama vile ni gunia.

"Mkaguzi anakuja saa nne," tajiri alisema. "Toa vile vikinga masikio, mvishe huyu opereta mpya. Akishaondoka virudishe kwenye mfuko wa nailoni, visichafuke."

"Na fomu ya bibi kiziwi?"

"Andika uzee. Atajuaje?"

Vikinga vile alivijua. Mara mbili kwa mwaka alivishwa yeye, akavivua mgeni akitoka getini, akidhani ni sare ya kupokelea wakubwa. Miaka yote vilining'inia msumarini, hatua kumi kutoka kwenye mashine!

Alimfuata opereta mpya, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akifagia pumba.

"Kelele haikusumbui, mwanangu?"

"Wiki ya kwanza masikio yalipiga filimbi mpaka nalala, mama. Sasa nimezoea. Siumii hata kidogo!" Akacheka, akijivunia.

Mama Unga aligeuka, akamwendea karani. Alimpokonya karani vikinga, akaichana nailoni vipande vipande, akamvisha yule opereta kwa mikono yake mwenyewe.

"Usivivue. Wakikuambia uvivue, njoo uniite."

"Vitachafuka hivyo!" tajiri alifoka.

"Na vichafuke!"

Mkaguzi alikuwa amewahi, ameshafika mlangoni. Tajiri akatabasamu haraka. "Msamehe mama yetu, bwana mkaguzi. Hasikii. Uzee tu."

Mama Unga alivuta kitambaa nyuma, kifaa kikaonekana. Akamkabidhi mkaguzi barua ya daktari, kisha akamgeukia tajiri.

"Haya, rudia. Yale uliyomwambia karani asubuhi hii, yarudie hapa. Mimi nimeshayasikia. Zamu ya mkaguzi."