Kila Mtu Aseme Analala Wapi

Niseme ukweli: kufikia asubuhi ile nilikuwa nimewachoka wote. Mimi ni Ivyne Wesonga, mpangaji miji, na kazi yangu ni kuzikalisha pamoja kaunti zinazopakana na Nairobi zipange mambo kama mji mmoja. Nyumba zimeungana, barabara zimeungana. Wakubwa tu ndio hawajaungana. Siku hiyo tulikuwa na jambo moja, bomba kuu la maji litakalotoka kaunti ya kaskazini hadi ya kusini. Wafadhili walishatuonya: wote wasipotia sahihi kufikia jioni, mradi unakwenda kwingine.

Aliyekataa ni Injinia Mbugua wa kaskazini. Wimbo wake ulikuwa uleule, kwamba maji ya kwao ni ya watu wao, na wa kusini wachimbe visima. Mtu mwema, lakini kichwa chake kigumu kama jiwe la kusagia.

Tulikutana ofisini kwetu katikati ya jiji. Tukasali, kisha utambulisho ukaanza kama desturi: jina, cheo, kaunti, na salamu kwa waheshimiwa wote. Norman, mjumbe wa kusini, alipoinuka kurekebisha tai, hasira ikanipanda.

"Norman, keti kwanza. Leo hakuna cheo. Kila mtu aseme jina na mahali analala. Na mpaka chai ije, utatetea pale unalala, si pale unafanyia kazi."

Wakacheka. Norman akakiri amepanga fleti kaskazini. Vidya, wakili wetu, akasema Kileleshwa, hapa hapa Nairobi. Zamu ya Mbugua ikafika, naye akakohoa.

"Madam Ivyne, hii ni mchezo gani sasa?"

"Unalala wapi, Injinia?"

"Kusini," akasema polepole. "Tulijenga huko. Ploti zilikuwa bei nzuri."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini sikumwachilia.

"Basi tetea kusini."

Nilidhani atatoka. Akasimama akiitazama ramani ukutani.

"Bibi yangu anaamka alfajiri kungoja boza, lile lori la maji," akasema. "Lisipokuja, watoto wanaenda shule bila kuoga. Na visima tulichimba. Maji ilitoka ya chumvi."

Hakuna aliyecheka tena. Norman, ambaye sasa alikuwa mtetezi wa kaskazini, akaichangamkia kazi yake mpya.

"Tukiwapa maji, nyinyi mtatupa nini?"

"Majitaka yenu yateremke kwetu. Tutajenga mtambo, tuyasafishe, tunyweshee mashamba."

"Hapo sawa!"

Chai na sambusa zikaletwa kutoka mkahawa wa Adams Arcade, zikapoa mezani watu wakibishania mtambo ukae wapi. Nilikuwa sijawahi kusikia ubishi mtamu kama ule. Kabla ya jioni sahihi zote zilikuwa zimetiwa, na ya Mbugua ilikuwa ya kwanza.

Kisha akatoa simu na kumpigia mkewe, palepale mbele yetu.

"Mama Kibe, maji inakuja. Hapana, si leo. Lakini inakuja, na ni mimi nimesaini."

Nikalia mbele ya waheshimiwa wote, na sikuona haya hata kidogo.