Kona ya Viwavi

Haya, wewe uliyekaa unasoma, nitegulie hiki kabla hatujaenda mbali: wamemchukua mtoto asiye wao, wanamlea na kumlinda kwa meno, naye anawalipa utamu wa mgongoni, siku akipata nguo mpya, anaondoka bila kuaga. Nani huyo? Umekwama? Usione haya. Hata mkwe wangu alikwama, na hiyo ndiyo kazi aliyoisomea.

Mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, ameajiriwa kuwatunza wadudu wanaotaka kutoweka. Kuna kipepeo mdogo wa samawati, hazidi ukucha wa kidole gumba, ambaye mjini kwetu watu walishamsahau. Anataga kwenye kichaka cha aina moja tu, chenye miiba na majani membamba, na kila mahali kichaka hicho kimeng'olewa watu wajenge. Kwetu kilibaki kimoja, uani, nyuma ya tangi la maji. Siku mkwe alipoyaona mayai juu ya jani, alirukaruka mpaka kiatu kikamtoka.

Sasa, mzee wangu, baba wa watoto wangu, ni fundi wa sakafu. Maisha yake yote amewamwagia watu sakafu, na kwake mwenyewe tope likimngoja mlangoni. Alipostaafu akaapa: uani saruji tupu, ukuta hadi ukuta. Ilibaki kona ile ya kichaka tu.

"Baba," mkwe akamwambia kwa adabu, "utaniachia kona hii?"

Mzee akaikazia macho pima maji yake ya kusawazishia sakafu, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

Kimya chake nakijua, kinaweza kulala na kuamka. Mkwe akaona asibahatishe. Mayai yalipoanguliwa, akawachukua viwavi karibu wote, akawaweka jikoni kwangu ndani ya kitundu cha wavu. Miguu ya meza akaisimamisha kwenye makopo ya maji, kama tunavyofanyia kabati la vyakula, sisimizi wasipande. Akawalisha majani mabichi, akawapangusa kwa brashi laini. Mimi wanangu sikuwaogesha hivyo!

Wakafa. Mmoja baada ya mwingine, wameota ukungu mgongoni.

"Mama, nimekosea wapi?" Machozi yanamdondoka kwenye kikombe cha chai.

Akarudi kichakani kuwatazama wale wachache aliowaacha. Aliwakuta wanene, wamejaa sisimizi mwili mzima. Akapiga yowe, akainua brashi awafukuze. Mkono ukamsimama hewani. Sisimizi hawakuwa wanauma. Walikuwa wanampapasa kiwavi taratibu, naye anatoa tone la utamu mgongoni, nao wanalilamba. Nyigu akaja kunyemelea. Sisimizi wakamrukia, akatoka mbio bila kuangalia nyuma.

"Mama! Njoo uone! Wanamlamba! Ule utamu usipolambwa ndio unaoota ukungu. Nimewafungia walezi wao nje!"

"Kwa hiyo usafi wako ndio uliowaua?"

"Usafi wangu, mama. Na makopo yangu."

Basi kitendawili changu umeshakitegua, usijifanye ulijua tangu mwanzo.

Viwavi walipokomaa, wakashuka na kuingia kwenye shimo la sisimizi, chini ya mizizi, wageuke vipepeo humo. Kuwachimbua ni kuwaua. Kuwamwagia saruji ndiyo kabisa. Wiki ya pili mzee akavuta kamba yake ya vipimo, ikapita katikati ya kichaka.

"Mzee," nikamwambia, "mtoto kakuuliza habari ya kona."

"Na mimi nikiteleza kwenye tope nikavunjika kiuno, nani ataulizwa?"

Mkwe aliyasikia hayo. Akala kidogo, akalala mapema.

Asubuhi tukaamshwa na makelele uani. "Toka! Toka, huna haya wewe!" Nikajua mwizi. Nikatoka na mwiko wa kusongea, mkwe nyuma yangu. Tukamkuta mzee na fulana yake iliyotoboka, koleo juu, anapigana na kuku wetu mwekundu. Koleo lenyewe alikuwa amelichukua aanze kuichimba kona. Mguu mmoja ameutanua mbele ya shimo kama golikipa.

"Mnashangaa nini? Mshikeni huyu kuku! Kuna mtu anatoka!"

Kweli, alikuwa anatoka. Kitu kimekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa kinajikokota kutoka ardhini, sisimizi wamekizunguka. Kikapanda kijiti. Mabawa yakaanza kufunguka polepole, na ndani yake, wewe, samawati ya kukufanya ushike mdomo! Nyuma yake akatoka mwingine. Na mwingine. Jua lilipofika ukutani, wale wachache wote walikuwa wanapepea juu ya kichaka.

Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mkwe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, simu sikioni, anawapigia wenzake kazini: "Wametoka! Nawaambia wametoka! Njooni sasa hivi!" Mmoja wao alifika na shati amelivaa ndani nje. Akatazama, akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya kazi.

Mzee aling'oa vigingi vyake, akaizungusha kamba mpaka kichaka, shimo na nafasi ya kutosha pembeni vikabaki nje ya vipimo. Akaivuta ikakaza. Akajipangusa mikono kwenye fulana.

"Mwanangu," akamwita mkwe, "siku ile uliniuliza nini vile?"

"Nilisema, Baba, utaniachia kona hii?"

"Ichukue. Ila sisimizi wako wakigusa sukari yangu, tutakosana."