Kwanza Niipongeze Mamlaka

Kwa Mama Wengi hapakuwa na kibao wala rangi ya kuvutia mlangoni. Palikuwa na chumba kimoja kikubwa, jamvi, kabati la nguo za kubadilisha, ndoo yenye kifuniko, na watoto. Alfajiri mama zao waliwaleta wakiwa na tongotongo, jioni wakawachukua wameshiba na wameoga. Mwenyewe alizaa mmoja tu, na huyo alishaolewa mbali, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Wengi, na ukimwita kwa jina jingine haitiki.

Sasa katika hao wote kulikuwa na mmoja aliyemteka moyo, binti wa mfagiaji wa hospitali. Mtoto hata miaka minne hajatimiza, lakini ulimi, jamani! Wakamwita Bibi Mdogo. Akiletwa asubuhi anauliza, "Mama Wengi, umeamkaje? Mgongo unasemaje?" Akikuta mwenzake amejikojolea anatingisha kichwa na kusema, "Dunia hii!" Mama Wengi akimsikia lazima aketi chini acheke.

Mfagiaji hakuwa na mume, wala mama, wala dada wa kumwachia mtoto. Kwa hiyo habari zilipovuma kwamba Mamlaka ya Malezi inatunga kanuni mpya, yeye ndiye aliyekuja mbio, bado kavaa viatu vya mpira vya kazini.

"Dada, umesikia? Wanataka kila anayelea watoto wa watu awe na nyumba ya milango miwili, vyoo vidogo vya watoto, uwanja wenye uzio, na cheti cha chuo."

"Chuo cha nini?"

"Cha kulea."

"Ala! Na mimi miaka yote hii nilikuwa nalea nini, mbuzi?"

"Usicheke, dada. Wakikufunga wewe, mimi nitamfungia mtoto ndani. Nakwambia mapema. Sina pengine pa kumpeleka, na kazi nikiacha tutakula mawe."

Mama Wengi akaacha kucheka. Akamtazama Bibi Mdogo, aliyekuwa pale kwenye jamvi akimfundisha mwenzake namna ya kupenga kamasi.

Lakini tusiseme hapakuwa na njia. Njia ilikuwepo, tena ya kisheria. Mamlaka haiwezi kupitisha kanuni bila kuwasikiliza wananchi, na tangazo likabandikwa ukutani sokoni: njooni ukumbini, mtoe maoni, serikali ni yenu. Kina mama wakakaa kikao chao wenyewe pale pale kwa Mama Wengi, wengine wamepakata, wengine wamesimama mlangoni, wakakubaliana kwamba msemaji awe mmoja. Wakisema kila mmoja lake, wataambiwa ni kelele za sokoni. Na msemaji angekuwa nani kama si mwenye nyumba?

"Wewe una mdomo," wakamwambia.

"Mdomo ninao. Wao wana masikio?"

Hapo ndipo alipoingia Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe. Huyu bwana alikuwa tarishi wa halmashauri mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kupeleka mafaili na kupanga viti, lakini kwa kuwa vikao vyote vilipita mbele ya macho yake, aliamini na yeye ni mheshimiwa aliyekosa kura tu.

"Shemeji, nisikilize," akasema, akivuta kiti kabla hajakaribishwa. "Huko huendi kugombana na jirani aliyekumwagia maji machafu. Huko kuna taratibu. Mkubwa humkosoi kabla hujampongeza. Unasimama, unaishukuru meza kuu, unaipongeza mamlaka, unasema unaunga mkono hoja. Hapo masikio yao yanafunguka. Ndipo sasa unawapa vidonge vyao."

"Niunge mkono kitu ninachokikataa?"

"Ni adabu tu, shemeji! Huwasikii waheshimiwa redioni? Mtu anaanza na 'naunga mkono hoja,' halafu anaichanachana mpaka unaionea huruma. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua. Mama Wengi aliyafikiria maneno hayo, akaona kweli, hata yeye amewasikia. Hata kwenye kikao cha harusi mtu hawezi kulalamika kwamba nyama haitoshi kabla hajaisifu kamati. Ndivyo tulivyolelewa, mkono mtupu haugongi mlango wa mkubwa, na kama huna kitu cha kumpa, basi mpe sifa.

Akaanza kufanya mazoezi mbele ya watoto, kitambaa cha mezani begani kama ndiyo suti. "Kwanza niipongeze mamlaka kwa kazi nzuri! Naunga mkono hoja asilimia mia moja!" Watoto wakapiga makofi. Bibi Mdogo naye akapanda juu ya ndoo yenye kifuniko, akainua kidole: "Naunga mkono hoja!" Siku hiyo nzima ikawa ndiyo hiyo. Ukimwambia anawe mikono, anaunga mkono hoja. Ukimwambia alale, anaunga mkono hoja, halafu halali. Mama Wengi alicheka mpaka machozi, akasema huyu ndiye angepelekwa ukumbini.

Siku ikafika. Mfagiaji alikuwa zamu, hakuweza kuja, akamshika mkono Mama Wengi kabla ya kwenda kazini na kumwambia, "Dada, uko wewe na Mungu tu." Ukumbini meza kuu ilifunikwa kitambaa cheupe, maua ya plastiki katikati, maji ya chupa mbele ya kila mkubwa. Nyuma ya meza alikaa Mwenyekiti wa Mamlaka, mtu mwenye tabasamu lisiloondoka hata akipiga miayo. Watu wa redio walitega vinasa sauti vyao pembeni.

Mama Wengi alipopewa kipaza sauti, maneno yalitoka kama alivyoyapanga.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kwanza niipongeze mamlaka kwa kazi nzuri ya kuwajali watoto wetu. Naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja."

Makofi. Shemeji, kwenye safu ya pili, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyefaulisha.

"Sasa, mheshimiwa, hiyo milango miwili. Mimi napanga chumba. Nikitoboa ukuta wa pili nitatokea chumbani kwa mpangaji mwenzangu, na yeye ni mwanaume." Ukumbi ukaangua kicheko, hata meza kuu. "Uwanja wenye uzio! Mtaa wetu hata marehemu tunampitisha kwa ubavu. Cheti sikatai, nifundisheni, nitakuja hata kesho. Lakini mkinifunga leo kabla ya kunifundisha, hawa watoto mnawapeleka wapi? Mama zao wanafagia hospitali zenu, wanawapikia chai maofisini kwenu. Hawatabaki nyumbani kwa sababu ya kanuni. Watawafungia watoto ndani kwa kufuli, mheshimiwa. Na kufuli halina hata mlango mmoja, seuze miwili. Mkipitisha hii kama ilivyo, hamjamlinda mtoto, mmemfunga."

Kina mama wakalipuka kwa vigelegele. Na nani alisimama wa kwanza pale meza kuu kumpigia makofi? Mwenyekiti mwenyewe! Akamwita mbele, akamshika mkono, picha zikapigwa. "Huyu mama ni hazina," akasema kwenye kipaza sauti. "Mama, maoni yako tumeyachukua."

Wakarudi mtaani wakiimba. Shemeji alijisifu njia nzima: "Mmeona? Si niliwaambia? Adabu!"

Zikapita wiki kadhaa. Jioni moja Mama Wengi alikuwa anamfuta Bibi Mdogo uso, redio inaongea peke yake juu ya kabati, akasikia neno malezi. Akaongeza sauti. Kanuni zimepitishwa, mtangazaji akasema, baada ya wananchi kushirikishwa kikamilifu na kuziunga mkono. Milango miwili, vyoo vidogo, uzio, cheti. Hakikupungua kitu. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, inatetemeka kidogo: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwanza niipongeze mamlaka kwa kazi nzuri ya kuwajali watoto wetu. Naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Yakafuata makofi, na baada ya makofi muziki.

"Mama Wengi, ni wewe!" Bibi Mdogo akaruka kwa furaha. "Uko kwenye redio!"

Mfagiaji alifika muda si mrefu. Hakuingia, alisimama kizingitini.

"Walikupa nini?"

"Mdogo wangu, wamekata. Wamechukua la kwanza tu, la adabu, mengine yote wameyatupa. Waulize waliokuwepo!"

"Hiyo sauti ni yako, si yako?"

"Ni yangu."

"Maneno umesema, hukusema?"

Alisema. Wale waliokuwepo walimtetea, kweli, lakini siku mbili tatu tu. Redio iliirudia ile sauti asubuhi na jioni, na mtu akisikia kitu kila siku, hata alichokiona kwa macho kinaanza kufifia. Wakaanza kusema, "Lakini kwa nini aliunga mkono kwanza?" Wakaikumbuka ile picha ya kushikana mikono. Mmoja aliyekuwa akimletea watoto wawili akapita na kurusha neno, kikulacho ki nguoni mwako. Mama Wengi aliingia ndani akalia kwa uchungu mpaka akakohoa.

Akafunga safari mpaka ofisi za mamlaka. Alipokelewa vizuri, hilo tuseme. Afisa mmoja, msichana mpole mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa, alimpa kiti na maji.

"Mama, maoni yako yote tunayo. Tumeyahifadhi."

"Mnayo? Basi kwa nini mmetoa la mwanzo tu?"

"Ule ulikuwa muhtasari, mama. Na ulisema mwenyewe asilimia mia moja."

"Mwanangu, hata wewe unajua ile ni heshima ya kuanzia! Kila mtu anasema hivyo!"

"Najua, mama," akasema yule msichana, na alionekana anajua kweli. "Lakini muda wa maoni umefungwa. Kanuni zitakuja kupitiwa upya mbele ya safari, na tutakualika. Mwenyekiti anakutaja sana. Wewe ni mdau wetu mkubwa."

Mama Wengi alitamani kumzaba kofi. Kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu unamwita mdau! Wangemtukana ingekuwa afadhali, angejua pa kuanzia kugomba. Lakini watu wanakuinamia, wanakuita mama, wanakupa maji baridi, na huku wameishika sauti yako mwenyewe kama kisu wanakuchinja nayo. Aliyaacha maji mezani hajayagusa, akaenda zake.

Wakaguzi nao walikuja kwa adabu. Wakabandika karatasi mlangoni, wakamtakia kila la heri. Watoto wakatawanyika, wengine wakapelekwa kwa bibi zao mbali, wengine wakashinda chini ya meza za soko. Shemeji alikuja jioni kumpa pole, akavuta kiti. Mama Wengi akakirudisha kiti mahali pake. "Nenda, shemeji. Sitaki kukutukana, na nikikaa na wewe nitakutukana."

Asubuhi iliyofuata alipita mbele ya vyumba vya kina mfagiaji, akaona kufuli nje ya mlango. Akasimama. Ndani mtu mdogo alikuwa anaimba, halafu anaacha, halafu anaanza tena. Kanuni zilimkataza kulea. Kukaa kibarazani kwa watu hazikumkataza. Akakunja kanga, akaketi chini, mgongo kwenye mlango.

"Nani huyo?"

"Mimi, bibi yangu."

"Mama Wengi! Mgongo unasemaje?"

"Unauma."

"Ingia basi."

"Mlango umefungwa. Mama yako ameondoka na ufunguo."

"Fungua na wa kwako."

"Mimi sina wa kwangu."

Mtoto akasikika akiburuta kitu, pengine kigoda, mpaka mlangoni, akaketi. Sasa walikuwa mgongo kwa mgongo, ubao katikati. Mama Wengi akamsimulia hadithi, akamuuliza kama amekunywa maziwa aliyoachiwa, akamwimbisha. Jua likapanda, likahamia upande wa pili. Watu walipita, wakamwona, wakatazama kando.

"Mama Wengi."

"Naam."

"Mama anasema wewe ndiye ulisema nifungiwe."

Mama Wengi akafungua mdomo aeleze habari ya adabu, na waheshimiwa, na redio, na meza kuu. Akajisikia anavyojiandaa, kwanza hivi, halafu vile, akaufunga mdomo.

"Usilie," Bibi Mdogo akamwambia kupitia tundu la kitasa, maana alikwisha kusikia pumzi yake. "Hukusema peke yako. Na mimi nilisema. Nilipanda juu ya ndoo. Tulisema wote, na ulicheka."

Mama Wengi aliweka kiganja kwenye ubao, akakaa hivyo hivyo mpaka jioni mfagiaji aliporudi na viatu vyake vya mpira. Mfagiaji hakumsalimu. Akatoa ufunguo mfukoni, na Mama Wengi akainuka, akasogea pembeni ampishe afungue.