Dakika Kumi za Igoji

Zuena anasema niliketi. Hivyo ndivyo anavyoanza kila mara, ameegemea ukuta unaotenganisha jiko lake na la kwetu kule Kinoru, mjini Meru: "Aliketi!" Eti shemeji yake alipita Igoji siku ile akitoka Chuka, akaniona kando ya barabara nimenyoosha miguu kwenye nyasi, ninamenya ndizi, ninapiga soga na mafundi, na mama yangu amelala nyumbani akingoja kuoshwa. Eti nilichagua gari la bwana. Eti ukiniona hivi nilivyo mpole, usidanganyike.

Ndizi ni ya kweli. Niliwekewa mkononi na mama mmoja aliyekuwa akiuza pale, aliposikia nimefiwa, nami sikujua pa kuiweka. Kuketi pia ni kweli. Hayo mengine ningeyakana upesi kama yangekuwa mbali na ukweli.

Simu ilitufikia mtaa wa Dallas, pale Embu, alfajiri, Idrisi mume wangu akiwa hajatoka kwenda buchani. Kaka yangu Mursal alisema, "Mama amepumzika. Ni adhuhuri." Sikuhitaji kuelezwa hiyo adhuhuri. Kwetu maiti hacheleweshwi kuzikwa. Aliye karibu anawahi, aliye mbali anaomba dua hukohuko aliko. Lakini Embu na Meru si mbali. Ni mwendo wa saa mbili na nusu, ukiwa na gari linalotii.

Idrisi akanishika bega. "Tuna gari," akasema.

Tulikuwa nalo, tangu wiki tatu nyuma. Probox nyeupe iliyopita mikononi mwa watu watatu kabla yetu, kiti cha nyuma kikinuka maziwa. Idrisi alikuwa akiifuta vumbi kila asubuhi taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Sikumcheka. Nilikuwepo siku ya harusi yetu, alipokuja na gari la kuazima na Mursal akamuuliza mbele ya watu, "Bwana harusi, hii gari unarudisha saa ngapi?" Ua mzima ukaangua kicheko. Idrisi naye alicheka, ila mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikauona mshipa wa shingo yake.

Safari nzima, mpaka tunavuka Chuka, niliwaza ahadi moja tu.

Mama alikuwa akikaanga sambusa za kuuza. Mwaka niliomaliza darasa la nane karai lilimpindukia, mafuta yakamchoma kuanzia begani mpaka nyongani. Alipona, lakini mgongo wake ukabaki kama udongo wa shamba uliokauka baada ya mvua, mikunjo na nyufa. Sikwenda sekondari, nilibaki kumwosha. Hakuna mwingine aliyeuona mgongo ule. Si Mursal, si dada za Mama, si majirani waliokuja na uji. Mlango ulifungwa, nami nikawa natia maji kwa kikombe, polepole, kwa sababu mahali pengine ngozi ilikuwa haina hisia na mahali pengine ilikuwa na hisia za ngozi kumi.

Jioni ya kuamkia harusi yangu alinishika kidole, si mkono, kidole tu.

"Siku yangu ikifika, unioshe wewe. Usiniache nikageuzwa na watu."

"Nitakuosha, Mama."

"Sema wallahi."

Nikasema.

Tuliteremka daraja la Nithi, tukapanda, tukateremka, tukapanda. Karibu na Igoji mshale wa joto ulisimama wima na moshi mweupe ukatoka chini ya boneti. Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilihesabu: kutoka pale hadi Nkubu, kutoka Nkubu hadi Meru mjini, hata saa moja haifiki. Bado nilikuwa na muda wa kutosha.

Fundi alitokea ng'ambo ya barabara kabla hatujamwita. Jina lake Riungu, mtu mfupi mwenye ovaroli ambayo rangi yake ya kwanza ilikwisha kusahaulika. "Muga," alisalimu, akasubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Povu likapanda, likamwagika, likaendelea kumwagika.

"Ai! Mzee, hii gari inaoga?"

Idrisi hakucheka.

Riungu alilisugua povu kati ya vidole, akalinusa. "Ni sabuni ya kipande. Aliyekuuzia aliziba tundu na sabuni. Ukizunguka tu huko mjini inashika. Ukiiletea hii milima yetu, inatema."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika kumi. Naosha hii, naweka gundi ya chuma, unaenda."

Nililitazama povu likidondoka kwenye lami, jeupe, safi kabisa. Saa hiyo Kinoru walikuwa wanateleka maji.

Ilipofika saa nne matatu ikapunguza mwendo. Kondakta aliona gari lililofunguliwa mdomo, akaniona mimi na buibui langu, akaelewa. "Siste! Meru mmoja! Mmoja tu, hapa mbele!" Nikanyanyuka. Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili.

"Fosia," Idrisi akasema. Hakupaza sauti. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, na alikuwa ameivaa kanzu yake nyeupe, ile ya Idi, ili ashuke nayo garini mbele ya wakwe. "Nipe dakika kumi. Unisaidie tu nisifike kwenu peke yangu, kwa miguu. Leo usinifanyie hivyo."

Kondakta aligonga bati. "Siste, twende au tubaki?"

Tangu utoto watu wamenisifu kwa subira. Mwalimu, majirani, hata Zuena. Niliirudisha miguu nyuma hatua mbili zilezile, nikaketi. Hapo ndipo yule mama aliponiwekea ndizi mkononi.

Dakika kumi zikaisha, zikafuatwa na nyingine. Kila gari lililopita baada ya lile lilikuwa limejaa watu wa soko la Nkubu. Saa tano na nusu Mursal akapiga.

"Maji yako tayari. Anti Habon ameshafika. Uko wapi?"

"Igoji. Nisubirini, Mursal. Msianze."

"Sheikh anasema adhuhuri ni adhuhuri. Kwani Anti Habon si mwanamke? Ameosha mji mzima."

Ningemwambia nini? Riungu alikuwa pale, Idrisi pale, akina mama wa ndizi pale, wote wakisikiliza huzuni yangu. Na Mursal mwenyewe hakujua. Siri ya Mama ilikuwa ya mlango uliofungwa. Sikuweza kuifungua barabarani ili nipate kuilinda.

"Nisubirini," nikasema tena.

"Tutajaribu," akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hatajaribu.

Injini iliwaka saa sita kasorobo. Tulikwenda kama kilomita mbili, halafu kitu kikapasuka kwa mlio mdogo, kama mtu kavunja kijiti. Idrisi aliweka paji la uso kwenye usukani. Nilishuka, nikasimamisha pikipiki ya kwanza, nikakaa upande na kumshika kijana jaketi kwa mikono miwili.

Nilikutana na Mama barabarani. Tulikuwa tumekata kona ya kuingia Kinoru, wanaume wakaja kutoka juu, wengi, wanatembea upesi kama ilivyo desturi, na jeneza likipita juu ya mabega yao chini ya kitambaa cha kijani. Mwenye pikipiki alizima injini, akavua kofia, ingawa hakuwa Mwislamu. Mursal alikuwa mbele. Aliniona. Hakuna anayesimamisha jeneza. Nilibaki juu ya pikipiki mpaka vumbi lilipotulia.

Idrisi alifika wakati wa magharibi, kwa miguu kutoka stendi, kanzu imejaa grisi. Alisimama langoni, hakuthubutu kuingia, mpaka Mursal alipotoka kumshika mkono. Hakumtania. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza Idrisi zaidi, na tangu siku ile sijapata neno la kumwambia ambalo lisingekuwa kisu.

Siku ya tatu, baada ya dua, nilimfuata Anti Habon mpaka kizingitini. Ameosha wanawake wa mji huu tangu sijazaliwa, na hasemi. Mabaya hasemi, mazuri hasemi. Mama mmoja aliwahi kumbana mbele yetu, amwambie kama marehemu dada yake alikuwa na nuru. Akajibiwa, "Leo nikimsifu huyu, kesho nikinyamaza kwa mwingine, si mtajua?"

Nililijua hilo. Niliuliza hata hivyo.

"Anti. Mgongo wake."

Aligeuka.

"Sitauliza lingine. Niambie tu kama mlango ulifungwa. Kama ni wewe peke yako uliyemgeuza."

Alinitazama, na machoni mwake sikuona ndiyo wala hapana. Halafu akainama kukitafuta kiatu chake cha pili katikati ya viatu vya watu. Mimi nilikiona kabla yake. Nikakiokota, nikakiweka karibu na mguu wake, nikabaki nimeinama vilevile, nikingoja.